Yai, aljineti na dripu ya Ringer: namna ya kuona kibebeo cha chanjo ya saratani kikifanya kazi mezani

Mimi ni fundi sanifu wa maabara, Upanga. Kazi yangu ni mizani, bafa, friji, na kuwazuia wanafunzi wa famasi wasijichome sindano. Mara kwa mara tunaletewa pia vijana wa kidato cha tano na sita, na hao ndio wenye maswali ya kweli. Linalorudi kila mara ni hili: "Madam, kama wameshaijua protini ya saratani, si wamchome mgonjwa hiyo protini, mwili ujifunze, basi?"

Wamekwisha kuchoma sana. Protini tupu ikiingia chini ya ngozi husambaa na kuondoka mapema, kabla seli za kinga hazijaichukua kwa wingi wa kutosha. Na hata zikiichukua, kama hazikupewa ishara yoyote ya hatari, huihesabu kuwa ni kitu cha nyumbani na kuinyamazia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi iko kwenye kile kinachoibeba protini: kiishike, kiiachie taratibu, kisha chenyewe kiishe mwilini bila kuacha uchafu. Vitu vya namna hiyo huitwa bayomateriali. Vingine hutoka kwenye mwani, vingine kwenye maganda ya kamba, vingine hupikwa kiwandani. Tabia yao ya kushika na kuachia unaweza kuiona kwa macho yako ndani ya siku moja, kwenye maabara ya shule yenye meza, ndoo na dirisha.

Utakachotengeneza hapa ni kielelezo. Hakichomwi mtu wala mnyama, hakiliwi, hakipelekwi nyumbani.

Kwa nini yai

Ute mweupe wa yai la kuku una protini kama asilimia 10, na zaidi ya nusu ya protini hiyo ni moja iitwayo ovalbumini. Ovalbumini ndiyo antijeni, yaani kitu ambacho kinga hufundishwa kukitambua, ya mazoezi ya maabara za kinga duniani kote. Wapo panya ambao seli T zao (askari wa kinga wanaoua seli mbaya) zimeundwa ziitambue ovalbumini pekee, na zipo seli za uvimbe wa panya zilizopandikizwa jeni yake, ili mtafiti aone kama chanjo aliyobuni inazielekeza seli T kwenye uvimbe. Ukisoma ripoti ya kibebeo kipya cha chanjo na kukuta herufi OVA kila ukurasa, jua ni hili yai. Kwa hiyo tukitumia yai hatudanganyi sana. Tunaanzia pale pale wenyewe wanapoanzia.

Na kabla hujasema haya ni mambo ya Ulaya, waangalie dada zako. Chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa nchi nzima kwa wasichana wa Tanzania mwaka 2018. Ndani yake kuna protini ya L1 ya kirusi cha HPV. Protini hiyo hujikusanya yenyewe, nakala 360, ikawa gamba tupu lenye upana wa nanomita 55 hivi, lisilo na kirusi ndani. Magamba hayo hushikiliwa kwenye chembechembe za chumvi ya alumini. Alumini katika chanjo ni ya tangu 1926, na ni kibebeo na kichocheo kwa pamoja. Msichana aliyechanjwa shuleni Mbagala amekwisha kubeba bayomateriali begani. Ila ile ni chanjo ya kuzuia. Ya kutibu uvimbe uliokwisha kuota ni kazi ngumu zaidi, maana uvimbe umetokana na seli zako mwenyewe.

Vitu vya kutafuta

Aljineti ya sodiamu, unga wa mwani unaofanya jeli, gramu 3 zinatosha darasa zima. Ulizia kwa wauza kemikali za maabara, au kwa wanaouza viambato vya viwanda vya vyakula. Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni unga wa aljineti wa madaktari wa meno, ule wa kuchukulia alama ya meno: tayari umechanganywa na chumvi za kalsiamu, ukiutia maji unaganda mkononi mwako, na kazi imekwisha kabla haijaanza. Wa pili ni mwani wa Zanzibar. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani ni mwekundu wa jamii inayotoa karajinani, ambayo nayo ni jeli nzuri lakini ina kemia nyingine. Aljineti hutoka kwenye mwani wa kahawia.

Kitosani, gramu moja. Hii hutengenezwa kutokana na maganda ya kamba. Najua utafikiria kwenda soko la samaki la Feri kuchukua maganda ya bure. Usifanye. Kuyageuza kuwa kitosani kunataka asidi, kisha kostiki soda nzito sana ikiwa ya moto, na hiyo si kazi ya shule. Nunua ya unga.

Kloridi ya kalsiamu. Mayai mawili mabichi, ya dukani tu. Siki nyeupe ya asilimia 5. Bikabonati ya sodiamu. Rangi ya chakula ya bluu. Karatasi za kupimia pH. Kwa kipimo cha protini utahitaji mrututu (salfeti ya shaba) na kostiki soda. Kama shule ina kemikali ya Biureti iliyokwisha kutengenezwa, ni bora zaidi. Mabomba ya mililita 10 yenye sindano namba 21, ile yenye kitako cha kijani. Sindano ya insulini ni nyembamba mno, itaziba.

Na chupa moja ya dripu ya Ringer's lactate kutoka duka la dawa. Wengi watakwambia utumie bafa ya fosfeti, maji ya chumvi yanayoshikilia pH isibadilike, kwa sababu ndiyo inayoandikwa kwenye vitabu vya seli. Nitakueleza mbele kwa nini mimi sitaki, lakini kwa ufupi: Ringer ina sodiamu, potasiamu na kalsiamu kidogo kwa viwango vinavyokaribia vya damu, na haina fosfeti.

Siku moja kabla

Pima gramu 3 za aljineti. Weka mililita 100 za maji yaliyochujwa kwenye bika, koroga maji kwanza hadi yafanye kisima katikati, kisha nyunyiza unga kidogo kidogo ukingoni mwa kile kisima. Ukiumwaga wote kwa mpigo utapata mabonge yenye ngozi laini nje na unga mkavu ndani, na hayo hayayeyuki hata ukikoroga mpaka magharibi. Funika, weka friji usiku kucha. Asubuhi uwe umepata ute wazi, mzito kama uji wa ulezi, na mapovu yote yamepanda na kuisha. Mapovu ni muhimu: punje yenye povu ndani huelea badala ya kuzama.

Yeyusha pia gramu 1.5 za kloridi ya kalsiamu katika mililita 100 za maji, utengeneze mara mbili au tatu ya kiasi hicho. Hili ndilo bakuli la kugandishia.

Siku yenyewe

Tenga ute mweupe na kiini. Changanya ute na Ringer kwa vipimo sawa, koroga polepole bila kupiga povu, chuja kwa kitambaa cha pamba safi. Sasa una protini kama miligramu 50 kwa mililita. Weka kidogo pembeni, utakihitaji kwa kipimo.

Chukua mililita 20 za aljineti, tia mililita 10 za ute uliochujwa, koroga kwa kijiti. Mchanganyiko utafanya ukungu kidogo, na mwanafunzi makini atauliza kwa nini. Ndani ya yai mna protini nyingine, lisozimu, yenye chaji chanya, aljineti ina chaji hasi, zinashikana. Ovalbumini yenyewe ina chaji hasi kwenye pH hii, haishikwi na chochote. Kumbuka hilo, ndilo litakaloeleza mchoro wako jioni.

Vuta mchanganyiko kwenye bomba. Shika sindano wima, juu ya bakuli la kalsiamu kwa kiasi cha kiganja kimoja, dondosha tone kwa tone huku mwenzako akizungusha bakuli taratibu. Kila tone likigusa maji linageuka punje. Kalsiamu inaingia katikati ya minyororo ya aljineti na kuifunga miwili miwili. Punje zikiwa na mkia, umekaribia sana au ute ni mzito mno. Zikiwa bapa, umepanda juu mno. Ukipata mviringo wa milimita 2 au 3, endelea hivyo hivyo.

Ziache kwenye kalsiamu dakika 15, si zaidi. Ukizisahau saa nzima zitakuwa ngumu na nzuri, lakini protini nyingi itakuwa imevujia kwenye bakuli. Chuja kwa chujio la chai, suuza mara moja kwa Ringer, na ile kalsiamu uliyochuja usiimwage: utaipima nayo. Ripoti yoyote ya kibebeo ambayo haisemi ni kiasi gani cha mzigo kilipotea wakati wa kupakia mimi naisoma kwa jicho moja.

Gawa punje mafungu mawili. Fungu la kwanza liache hivyo. La pili livike kitosani: changanya siki sehemu moja na maji sehemu nne, upate asidi asetiki ya asilimia 1, yeyusha nusu gramu ya kitosani katika mililita 100 zake, ongeza bikabonati chembe chembe mpaka karatasi ya pH isome 5.5 hivi. Ukivuka 6.5 kitosani itaganda na kuzama, itabidi uanze upya. Zitumbukize punje humo dakika 20, koroga taratibu, suuza. Kitosani ina chaji chanya, inakwenda kuishika aljineti kwa nje na kufanya ngozi.

Tengeneza pia punje chache ambazo badala ya yai zina rangi ya bluu. Hizi ni za kuwatia watu hamu. Zitie kwenye Ringer mbele ya darasa uone bluu inavyotoka kwa dakika chache tu: molekuli ya rangi ni ndogo sana na wavu wa aljineti hauwezi kuizuia.

Kupima

Weka kila fungu kwenye chupa yenye mililita 30 za Ringer. Andika saa. Chota mililita 2 baada ya dakika 10, dakika 30, saa 1, 2, 4, na kesho yake asubuhi. Kila ukichota mbili, rudisha mbili za Ringer safi, na ukumbuke kuzihesabu zile ulizokwisha kuondoa unapojumlisha.

Kwa kila sampuli tia mililita 2 za kostiki soda ya asilimia 10, kisha matone machache ya mrututu wa asilimia 1. Protini hugeuza rangi kuwa ya zambarau. Vaa miwani na glavu. Kostiki soda haina utani na macho. Utaona ukungu mweupe kidogo, hiyo ni kalsiamu ya Ringer inayokutana na kostiki. Acha vichupa vitulie robo saa ukungu utue chini ndipo usome rangi ya juu.

Kama huna spektrofotomita, mashine ya kupima rangi, ya kusoma nanomita 540, tumia ule ute uliouweka pembeni. Upunguze kwa Ringer upate miligramu 5, 2.5, 1.25 na 0.6 kwa mililita, vipime vyote kwa njia ile ile, vipange mbele ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, na mwanafunzi asiyejua kichupa kipi ni kipi alinganishe. Piga picha kwa simu kwa ajili ya kumbukumbu, lakini hukumu itoke kwenye macho, kwa sababu simu nyingi zinarekebisha rangi zenyewe bila kukuuliza.

Kuhusu joto: vitabu vitakutaka uweke chupa kwenye nyuzi 37. Chumba kisicho na kiyoyozi hapa Dar mwezi Februari kinakaribia huko bila msaada, na kukatika kwa umeme hakukuathiri. Shida ni bakteria. Yai kwenye joto la namna hiyo usiku kucha linaharibika, na kipimo cha asubuhi kitakuwa cha uongo. Jioni tia chupa friji na uandike wazi kwamba saa zile ni za baridi.

Kuusoma mchoro

Chora muda kwenye mstari wa chini na protini iliyotoka kwenye mstari wa wima. Punje zisizovikwa kitosani kwa kawaida hupanda ghafla saa za mwanzo kisha hulala. Matundu ya wavu wa aljineti huanzia nanomita chache na kwenda hadi zaidi ya 100. Ovalbumini haifiki 10, na kama tulivyoona, chaji yake inasukumwa badala ya kuvutwa. Zilizovikwa kitosani hupanda kwa mteremko wa taratibu zaidi.

Sasa waulize wanafunzi mchoro upi ni mzuri. Wote watasema wa taratibu, na wakiulizwa tena watasema bora usiishe kabisa. Hapo ndipo somo linapoanza kuwa tamu. Mwaka 2016 watafiti wa MIT walionyesha kwenye panya kwamba dozi ile ile ya chanjo, ikigawanywa na kuongezeka siku hadi siku, ilileta kingamwili nyingi kuliko ikitolewa kwa mpigo. Huo ni ushahidi upande wa taratibu. Lakini mwaka 2013 ilichapishwa kazi nyingine kuhusu chanjo ya saratani iliyowekwa ndani ya mafuta yasiyoisha haraka. Seli T za panya zilizofundishwa na chanjo zilikwenda pale ilipochomwa badala ya kwenda kwenye uvimbe, zikakwama hapo, zikachoka na kufa. Uvimbe uliendelea zake. Kibebeo kilishika mzigo vizuri mno, muda mrefu mno.

Kwa hiyo mimi nikiangalia mchoro natafuta vitu viwili: mwanzo usio wa mafuriko, na mwisho unaofika. Watu wengi wanaangalia cha kwanza peke yake.

Hapa ndipo fosfeti inapoingia. Chukua punje chache zilizobaki, zitie kwenye bafa ya fosfeti, uziangalie kadiri saa zinavyokwenda. Zitavimba, zitalegea, nyingine zitavunjika. Fosfeti inanyang'anya kalsiamu, na sodiamu inakaa mahali pake. Mtu aliyepima kwenye fosfeti bila kujua hilo anaweza kudhani amepima uachiaji wa protini, kumbe amepima kuvunjika kwa punje. Mwilini, aljineti huisha kwa njia inayofanana na hii, kwa kupoteza kalsiamu taratibu, maana binadamu hana kimeng'enya cha kuikata minyororo yenyewe. Minyororo ikiwa mirefu sana figo haziwezi kuitoa. Ndiyo sababu moja watafiti wengine wanapendelea PLGA, polima inayokatwa na maji ya mwili ikawa asidi laktiki na asidi glikoliki, vitu ambavyo mwili unajua pa kuvipeleka.

PLGA unayo karibu kuliko unavyodhani. Babu anayetibiwa saratani ya tezi dume kwa Zoladex, ile dawa inayochomwa chini ya ngozi ya tumbo, miligramu 3.6 kila siku 28, amebeba kipande cha polima hiyo hiyo kikiachia dawa polepole. Ile ni dawa ya homoni, haifundishi kinga. Lakini kundi la David Mooney, Harvard, lilichukua PLGA likatengeneza kisahani chenye vinyweleo cha kuwekwa chini ya ngozi, na ndani yake likaweka vitu vitatu: sitokini (protini ya kupeana ishara) ya GM-CSF ya kuziita seli za dendriti, zile zinazozionyesha seli T adui, kipande cha DNA cha CpG kinachofanana na cha bakteria ili zishtuke, na mabaki ya uvimbe wa mgonjwa mwenyewe ili zijue adui ni nani. Matokeo ya panya yalitoka 2009. Majaribio kwa wagonjwa wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, yalianza Boston mwaka 2013. Kisahani hicho hakikuishia kuachia mzigo. Kiliziita seli zije ndani, zijifunze humo, kisha zitoke kwenda kwenye tezi za limfu.

Punje yako ya yai haiwezi hayo. Haina kiitaji, haina kishtuaji. Na kwa ukubwa, iko mbali na zile chembe zinazosafiri zenyewe hadi kwenye tezi. Njia ya limfu hupenda vitu vya nanomita 10 hadi 100: vidogo zaidi hupotelea kwenye damu, vikubwa zaidi hubaki pale vilipochomwa vikingoja kubebwa na seli. Vifuko vya mafuta vilivyobeba mRNA ya chanjo za korona viko karibu na 100. Punje ya milimita 2 ni kubwa mara 20,000 ya hapo. Waache wanafunzi wapige hesabu hiyo wenyewe, wanapenda.

Ukitaka kurudia

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukiongeza kalsiamu maradufu, ongeza hiyo peke yake, na utegemee wavu kubana na mchoro kushuka. Ukiongeza muda wa kuvika kitosani, usiguse kingine. Darasa likiwa kubwa, kila kundi lipewe badiliko lake na wote watumie yai lililochujwa kwa pamoja, la sivyo utakuwa unalinganisha kuku na kuku.

Sindano ziende kwenye kisanduku cha vyenye ncha, siyo kwenye ndoo ya takataka. Sampuli zenye mrututu zikusanywe kwenye chupa moja iliyoandikwa, zisimwagwe kwenye sinki linaloelekea mtaroni, shaba inaua samaki. Punje zilizobaki na ute wa yai funga kwenye mfuko na utupe siku hiyo hiyo. Bika za aljineti zioshe zikiwa bado mbichi kwa maji ya bomba na sabuni, na kama imekwisha kukauka loweka usiku kucha kwenye maji yenye bikabonati kidogo.